Wakuu, nyaraka za kutengenezea programu za Windows zimenichanganya: WinForms, WPF, UWP, WinUI... nishike lipi?

#1 KijanaWaVingunguti
Wakuu, heshima kwenu.

Nimepata kazi yangu ya kwanza ya kulipwa, na mteja ni mjomba. Ana duka la vifaa vya ujenzi. Anataka programu ya kuuzia: bidhaa, bei, stoo, risiti, na daftari la madeni ya mafundi (hapo kwenye madeni ndipo anapolia zaidi). Hataki kitu cha kwenye wavuti. Intaneti ya pale inakuja na kuondoka kama mgambo, kwa hiyo anataka kitu kinachokaa ndani ya kompyuta ya kaunta.

C# (lugha ya kuandikia programu) nimeisoma chuoni, kiasi. Siku tatu nimeshinda kwenye nyaraka za Microsoft na nimetoka nimepotea kuliko nilivyoingia. Kila jina ni fremuweki, yaani seti ya zana za kujengea madirisha na vitufe vya programu, na kila ukurasa una yake. Huu unasema anza na WinUI 3. Ule unasifia WPF. Nikapata mafunzo mazuri ya UWP, nimefika katikati nakutana na mwongozo wa namna ya kuihama hiyo hiyo UWP. Pembeni kuna WinForms na MAUI. Chini kabisa kuna Win32, njia ya zamani ya kuiita Windows moja kwa moja, na majina kama LPSZ na HWND, nikafunga laptopu nikalala.

Nauliza mawili. Njia ipi inafaa kwa programu ya duka? Na kuna namna ya kuwa na nyaraka hizi kwenye laptopu bila intaneti? Nasomea bando la simu na linayeyuka.

Dai langu: hawa jamaa wenyewe hawajui wanachotaka. Nikosoeni.

#2 BwanaMipango
Naweka kigoda hapa.

#3 MzeeWaDisketi
Wanajua, kijana. Shida yao hawatupi kitu.

Windows ya kwanza ilitoka Novemba 1985. Dirisha ulilitengeneza kwa mkono, kwa lugha ya C: unaita CreateWindow, halafu unakaa kwenye mzunguko unapokea ujumbe mmoja mmoja. Panya imesogea, kitufe kimebonyezwa, dirisha linataka kuchorwa upya. Mwaka 1991 Visual Basic ikawapa watu raha ya kuburuta kitufe na kukibandika kwenye fomu. 1993 ikaja Win32 pamoja na Windows NT 3.1. 2002 .NET (jukwaa la Microsoft la kuendeshea programu za C#) ikaja na WinForms, ambayo kwa ndani ni vitufe vilevile vya Win32 vimevalishwa kanzu. Mwishoni mwa 2006, WPF. 2012 Windows 8 na programu zake za kugusa kioo, 2015 zikabatizwa UWP, na mwishoni mwa 2021 WinUI 3 ikafika ndani ya Windows App SDK 1.0.

Katika hao wote hakuna aliyezikwa. Programu ya Win32 ya 1995 ukiiweka kwenye Windows 11 leo, kuna uwezekano mkubwa itafunguka. Kwa hiyo kila ukurasa uliousoma ulikuwa kweli siku ulipoandikwa. Angalia kwanza umeandikwa lini, kodi baadaye.

#4 KodiMwitu
WinForms. Funga uzi.

#5 DadaWaData
#3 mzee wangu shikamoo, ila "hakuna aliyezikwa" si kweli. Umemruka marehemu Silverlight. Alizaliwa 2007, msaada ukakatwa Oktoba 2021. Kuna watu walimjengea mifumo mizima ya ofisi, leo hawana pa kuifungulia.

#6 MzeeWaDisketi
Marahaba binti. Silverlight ilikuwa ya ndani ya kivinjari, sikuihesabu.

#7 DadaWaData
Toleo la 3 la 2009 lilikuwa linatoka nje ya kivinjari na kukaa kwenye kompyuta kama programu nyingine. Niliandika moja. Nilimlilia.

#8 MzeeWaDisketi
Pole. Nimekubali, mmoja kazikwa.

#9 ChumaChaReli
Mleta mada, dai lako lina ukweli kuliko wanavyokubali. Mimi naona hii ni vita ya ndani ya nyumba. Kuna watu wanaotengeneza Windows yenyewe, wanapenda C++. Kuna watu wanaotengeneza zana za sisi waandishi wa programu, wanapenda .NET. Kila kundi likipata nguvu linaleta fremuweki yake, na lile jingine halikubali kufuta ya kwake. Sisi tuko katikati kama nyasi za tembo.

#10 WaMombasaRoad
Niko Nairobi. Boss, hii maneno ya WinForms ni ya wazee. Wasee wote huku wanatumia Electron. Unaandika HTML na JavaScript, unafunga kwa boksi, inakimbia Windows, Mac na Linux. Nyaraka zake ni za mahali pamoja, hakuna kuchanganyikiwa. Kwani unateseka ya nini?

#11 FundiSimuMbezi
Kabla hamjamjaza, muulizeni kompyuta ya mjomba ni ipi. Mnajenga nyumba hamjaona kiwanja.

#12 KijanaWaVingunguti
Asante #11. Ni ile Dell nyeusi ya mtumba, RAM 2. Nadhani ni Windows 7, ina ile duara ya kijani... hapana, ya bluu, pale kwenye kona. Kuna nyingine stoo, sijaikagua.

#13 KodiMwitu
😂😂 Electron kwenye RAM 2. Mteja wa saruji atanunua, atajenga, atahamia, dirisha bado linafunguka.

#14 DadaWaData
Hata kabla ya RAM, kuna ukuta. Electron imebeba Chromium, kiini cha kivinjari cha Chrome, ndani yake, na Chrome ya mwisho kukubali Windows 7 ni 109. Kwa hiyo Electron ya mwisho kwake ni 22. Kuanzia 23 haifunguki. Ukiingia kwenye nyaraka zao za leo unasoma habari za toleo ambalo kompyuta ya mjomba hailijui.

Na si Electron tu. WinUI 3 inataka Windows 10 toleo la 1809 kwenda juu. MAUI kwenye Windows inakaa juu ya hiyo hiyo WinUI, basi nayo nje. Qt 6, fremuweki nyingine, nje, utarudi 5.15. Python 3.9 nje, utarudi 3.8. Windows 7 ilikatiwa msaada 14 Januari 2020 na dunia nzima ilisogea, isipokuwa kaunta zetu.

#15 WaMombasaRoad
Sawa nimekubali mambo ya Windows 7. Lakini .NET mpya si iko? Aweke .NET 8 na WPF, maisha yaendelee.

#16 KodiMwitu
.NET 8 inaanzia Windows 10. Ya mwisho kwa Windows 7 ni .NET 6, nayo msaada umekwisha Novemba 2024. Anachotaka ni .NET Framework 4.8, ile ya zamani ya Aprili 2019. Inakubali Windows 7 yenye SP1 (kifurushi cha masasisho), na kwenye Windows 10 kuanzia 1903 ipo tayari ndani, huhitaji kuweka kitu. Akiandikia hiyo, siku mjomba akinunua kompyuta mpya yenye Windows 11 programu inahamia bila kuguswa. Asikosee akachukua 4.8.1, hiyo haiitaki Windows 7.

Mnaona sasa kwa nini nilisema funga uzi?

#17 BintiMkwaju
Samahani wakuu, mimi ni mwalimu wa sekondari, nimepita tu. Nikiona "kodi" naogopa. Hii ni kodi ya TRA, ya nyumba, au ni nyingine?

#18 FundiSimuMbezi
Mwalimu, ni ya tatu: maandishi ya programu. Ila ukiichelewesha mteja anakufukuza kama mwenye nyumba.

#19 MzeeWaDisketi
Nirudi kwa #9. Hadithi ya vita vya ndani ni tamu lakini haitoshi. Sababu kubwa ni kwamba hawa watu wanaogopa kuvunja programu ya mtu. Kuna kisa maarufu cha Windows 95: mchezo wa SimCity ulikuwa na kosa, unaachia kumbukumbu halafu unaendelea kuisoma. Kwenye Windows 3.x kosa halikuonekana. Kwenye 95 lingeuangusha. Wakaweka ndani ya Windows kipande kinachotambua kwamba SimCity imefunguliwa, kikaacha kumbukumbu ile isichukuliwe haraka. Kosa si lao, wakalibeba.

Mtu wa namna hiyo hawezi kufuta WinForms. Na asiyefuta, nyaraka zake zitarundikana. Ukitaka kuielewa akili hiyo msome Raymond Chen, anaandika tangu 2003 kwa nini kila kitu cha ajabu kwenye Windows kiko hivyo kilivyo. Mimi nimejifunza kwake kuliko kwenye nyaraka rasmi.

#20 ChumaChaReli
Kutokufuta cha zamani naelewa. Nieleze kwa nini walileta vipya vinne. Hilo SimCity halijibu.

#21 DadaWaData
iPad. 2010. Basi. Waliona watu wanahama kwenda kwenye vioo vya kugusa, wakakimbilia Windows 8 na programu za kujaza kioo kizima, zinazopatikana dukani kwao tu. UWP ikaja na ndoto kwamba kodi moja itakaa kwenye kompyuta, simu na Xbox. Simu zikafa. Ndoto ikabaki na nyaraka zake.

#22 Mhandisi_Tanga
Wote mmesahau kadi ya picha. WinForms inachora kwa GDI, njia ya uchoraji ya enzi za kioo kidogo chenye vidoti vya saizi moja. WPF ililetwa ichore kwa DirectX, inayotumia kadi ya picha, ili kitu kikikuzwa kisikatike meno. Vioo vimebadilika, ikabidi uchoraji ubadilike. Hakuna siasa hapo. Jaribu kufungua WinForms ya zamani kwenye kioo cha 4K uone maandishi yanavyofanana na sisimizi.

#23 ChumaChaReli
Basi WPF ingetosha. Bado sijajibiwa.

#24 KijanaWaVingunguti
Wakuu nashukuru, najifunza mengi, ila swali la nyaraka bila bando limezama.

#25 MzeeWaDisketi
Umenikumbusha ujana. MSDN, huduma ya Microsoft kwa waandishi wa programu, ilianza 1992, na kila robo mwaka zilikuwa zinatoka CD za nyaraka. Sisi tulizipata zikiwa nakala ya nakala ya nakala, mtu ameandika kwa kalamu ya wino mzito "MSDN 2 kati ya 3", ya tatu hakuna aliyewahi kuiona. Lakini ulichokuwa nacho kilikuwa chote, kinatafutika, na mifano ya kodi imo ndani. Hujui jibu, unasoma hadi ulipate, hakuna pengine pa kwenda. Siku hizi mtu anasoma aya mbili za jibu la mtu wa Stack Overflow, ile tovuti ya maswali na majibu, anakimbia.

#26 DadaWaData
Mzee uwe mkweli, na zile CD zilikuwa na makosa, ila hukuwa na wa kumwambia 😄. Leo nyaraka zao nyingi ziko GitHub (tovuti ya kuhifadhia kodi na nyaraka), ukiona kosa unapeleka marekebisho mwenyewe.

Na hapo ndipo jibu la #24 lilipo. Ukishinda mahali penye WiFi, shusha hazina za GitHub zenye nyaraka zenyewe: dotnet/docs kwa .NET, MicrosoftDocs/win32 na MicrosoftDocs/sdk-api kwa Win32. Ni maandishi ya kawaida, unatafuta neno kwa kihariri chochote. Kama hutaki hangaika hizo, kwenye tovuti yao ya learn, chini ya orodha ya kushoto, kuna kitufe cha kushusha PDF ya sehemu nzima. Mimi niliprinti ya WPF kidogo kidogo nikawa naisomea kwenye daladala.

Kingine, Zeal. Ni programu ndogo ya bure ya kukaa na nyaraka nje ya mtandao.

#27 FundiSimuMbezi
Na Visual Studio yenyewe usiishushe mara mbili. Kile kifaili kidogo cha kuanzia ukikiendesha kwa amri, `vs_community.exe --layout D:\vs`, kinakusanya kila kitu kwenye folda moja. Chagua sehemu ya .NET ya kompyuta za mezani tu, ukichukua zote utajuta. Folda hiyo ukiitia kwenye diski ya nje unasakinisha kompyuta za kijiji kizima. Toleo la Community ni la bure kwa mtu binafsi, tangu 2014, wala huhitaji kutafuta la wizi.

#28 Mhandisi_Tanga
Naongeza: weka zana za Sysinternals, za kuchunguza yanayoendelea ndani ya Windows, kwenye flashi. Zilianzishwa 1996 na Mark Russinovich na Bryce Cogswell, Microsoft wakazinunua 2006, ni za bure. Programu ikigoma bila kusema kitu, washa Process Monitor uone faili gani imetafutwa ikakosekana. Inakujibu pale nyaraka zinapoishia.

#29 KodiMwitu
Hapo #28 umesema la maana kuliko kurasa mbili za uzi huu.

#30 WaMombasaRoad
Na hayo majina LPSZ ni ya nini? Nimecheka mleta mada alivyofunga laptopu.

#31 MzeeWaDisketi
Mtindo wa Charles Simonyi, mzaliwa wa Budapest, ndiyo maana unaitwa wa Kihungari. Herufi za mbele zinakwambia kitu ni cha aina gani. lp ni kielekezi kirefu, sz ni maandishi yanayoishia na sifuri. "Kirefu" hicho ni cha enzi za biti 16, leo hakina maana yoyote, lakini jina limebaki. WPARAM nayo: zamani ilikuwa biti 16 na LPARAM biti 32. Leo kwenye Windows ya biti 64 zote ni 64. Majina kama mitaa ya Dar, mwembe ulishakatwa zamani, kituo bado kinaitwa Mwembeni.

#32 DadaWaData
Na kiroja kikuu: folda inayoitwa System32 ndani ina faili za biti 64, na za biti 32 ziko SysWOW64. Nililia siku nilipogundua.

#33 FundiSimuMbezi
Dada, wewe unalia sana.

#34 KijanaWaVingunguti
Mrejesho. Nimeandika jaribio la WinForms, .NET Framework 4.8, na hifadhidata ya Access. Kwangu inafanya kazi vizuri mno. Nimepeleka dukani kwenye flashi. Nimegonga mara mbili, ikafunguka, nikabonyeza "Bidhaa", ikaniambia 'Microsoft.ACE.OLEDB.12.0' haijasajiliwa kwenye mashine hii. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu na wateja wawili. Kodi ni ileile jamani!

#35 KodiMwitu
Hicho ni kiunganishi cha Access. Kwako una Office iliyokuja nacho, kwake hakuna. Basi.

#36 Mhandisi_Tanga
Si lazima. Inaweza kuwa Office ipo lakini ni ya biti 32 na programu yako imefunguka kama biti 64, haviongei. Jaribu kuijenga kama x86, yaani biti 32, kwanza.

#37 FundiSimuMbezi
Au antivairasi imekula faili. Kuna mteja wangu mmoja, kila nikimpelekea programu antivairasi ilikuwa inaifuta kimyakimya kabla sijafika nyumbani. Nikawa naonekana tapeli.

#38 DadaWaData
Zote zinawezekana, ila swali langu ni kwa nini Access? Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili la Access linaharibika. Mimi liliniharibikia la duka la vipuri, miezi minne ya mauzo. Tumia SQLite, hifadhidata ndogo, ni faili moja, haihitaji kusakinishwa kwa mteja, na imeundwa hivi kwamba umeme ukikatika muamala uliokuwa njiani unafutwa wote au unabaki wote. Hakuna nusu.

#39 KodiMwitu
Access ukiipa UPS (betri ya akiba) haina neno. Nina duka linakimbia nayo tangu 2011.

#40 DadaWaData
Ukiipa UPS. Mjomba amenunua UPS?

#41 KijanaWaVingunguti
Mjomba hajanunua hata panya mpya.

#42 Pwani_Mswahili
Assalaam alaykum. Ndugu yangu kabla hujafika mbali, chunga tarehe. Mimi niliandikia duka la dawa, nikahifadhi tarehe za dawa kuharibika kama maandishi, siku/mwezi/mwaka. Kompyuta ya yule bwana ilikuwa imewekwa Kiingereza cha Marekani, mwezi unatangulia siku. Siku ikiwa 13 kwenda juu programu inagoma, na hiyo ni afadhali, utajua. Siku ikiwa 12 kushuka inageuza kimyakimya: tarehe 3 Aprili ikawa 4 Machi. Dawa nzima zikatolewa kwenye rafu, na mbovu zikabaki. Alhamdulillahi tuliona mapema. Hifadhi kwa mwaka-mwezi-siku, na kwenye C# taja CultureInfo.InvariantCulture, mpangilio usiofuata nchi yoyote. Nyaraka zinalisema hilo, tatizo ni kwamba huliendei mpaka likuume.

#43 MjukuuJeddah
#42 afadhali yako. Mimi niko Saudia, mpangilio wa ar-SA (Kiarabu cha Saudia) kwenye .NET unatumia kalenda ya Hijria wenyewe. Nilimtolea bosi wangu ankara ya mwaka 1445. Akaniuliza kama mteja ameshafariki.

#44 BintiMkwaju
Huyu #43 amenimaliza 😂 Mimi mwalimu bado niko. Endeleeni.

#45 KijanaWaVingunguti
#36 nimeijenga x86, kosa lilelile. Nikafuata ushauri wa #38, nimehamia SQLite. Kaunta imekubali! Kumbe Windows 7 yake ni ya biti 32 kabisa, mambo ya 64 hayakuwepo.

Sasa risiti. Printa ni ile ndogo ya karatasi ya milimita 80. Nikiprinti kwa njia ya kawaida inatoa polepole na inaacha karatasi ndefu tupu. Na droo ya pesa haifunguki.

#46 KodiMwitu
Usichore ukurasa. Itumie baiti moja kwa moja. Printa hizo nyingi zinasikia lugha ya ESC/POS. 27 64 ni kuianzisha upya. Droo kawaida ni 27 112 0 25 250. Kupeleka baiti bila draiva kuzigusa, unaita OpenPrinter na WritePrinter za winspool, sehemu ya Windows ya kuchapisha. Microsoft walikuwa na makala yake, KB322091, ina kipande kizima cha kodi kinaitwa RawPrinterHelper.

#47 DadaWaData
"Walikuwa na." Linki za zamani za makala hiyo zinakupeleka kusikojulikana. Ila jina hilo la RawPrinterHelper ukilitafuta utalikuta limenakiliwa kila kona, kila mtu kaongeza kosa lake. Hili ndilo linaloniudhi kuhusu nyaraka zao: zimehama kutoka MSDN kwenda tovuti ya docs mwaka 2016, docs kwenda learn 2022, na kila wakihama kuna vyombo vinavunjika njiani. Jarida lao la MSDN nalo likafungwa Novemba 2019.

#48 ChumaChaReli
Ndiyo nilisema. Nyumba yenye ugomvi huhama sana.

#49 MzeeWaDisketi
Chuma, wewe ungekuwa mshenga ungevunja ndoa nyingi.

#50 LazaroPascal
Nimechelewa kwenye uzi, lakini hakuna aliyemtajia Lazarus? Ni bure, ni Free Pascal, unaburuta vitufe kama Delphi (zana ya zamani ya Pascal), inakupa faili moja la exe lisilohitaji .NET yoyote. Yale mambo ya 4.8, SP1, yote yanakwisha. Na kwa taarifa, Anders Hejlsberg aliyeiongoza Delphi ya 1995 ndiye aliyekwenda Microsoft akaibuni C#. Mnakunywa maji ya mto uleule, mmekwenda kuyachota mbali.

#51 WaMombasaRoad
Pascal 😭 Sasa tumefika makaburini.

#52 LazaroPascal
Cheka. Programu yangu inafunguka kwenye XP.

#53 Mhandisi_Tanga
Lazaro ana hoja, ila dogo akiajiriwa kesho Pascal itamlisha nani? C# ina soko.

#54 KijanaWaVingunguti
Mrejesho mwingine. Printa imetii! 27 112 na droo imeruka, mjomba karuka nayo. #46 Mungu akuzidishie.

Ila kompyuta ya stoo inagoma. Windows 7 pia. Nagonga mara mbili, duara inazunguka, kimya. Hakuna ujumbe. Nimejaribu kuweka .NET 4.8, nayo inasema mnyororo wa cheti haukuweza kujengwa hadi mzizi unaoaminika. Sijui hata hiyo ni lugha gani.

#55 DadaWaData
Hiyo ni kwa sababu haijawahi kuona intaneti. Windows 7 isiyosasishwa haina cheti cha mzizi cha Microsoft cha 2011, kwa hiyo haiamini kifurushi kilichotoka kwa mwenyewe. Kishushe kwako, kipeleke kwa flashi, kiweke kwenye orodha ya vyeti vya mizizi vinavyoaminika, kisha rudia.

#56 FundiSimuMbezi
Au haina SP1. Andika amri ya winver uone toleo.

#57 Mhandisi_Tanga
Au umeiweka ndani ya Program Files na inajaribu kuandika hifadhidata humo humo. Mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika pale tangu Vista. Faili la data liende kwenye folda ya AppData au ProgramData.

#58 LazaroPascal
Au ile DLL (faili la kodi ya pembeni) ya SQLite inadai maktaba za Visual C++ ambazo hazipo. Exe moja, nilisema.

#59 KodiMwitu
Process Monitor, dogo. Acha kupiga ramli.

#60 WaMombasaRoad
Na kwa vile Windows 10 yenyewe ilikatiwa msaada 14 Oktoba 2025, mwambie mjomba anunue mashine mpya, tumalize.

#61 KijanaWaVingunguti
#60 nilimwambia. Alinitazama kama nimemwambia auze duka.

Habari njema ni kwamba amelipenda daftari la madeni. Alipoona linajumlisha lenyewe akavuta kiti, akafungua lile daftari lake la karatasi, akaanza kunisomea niingize. Jina la kwanza alilosoma ni langu. Mifuko miwili ya saruji, 2023. Anasema atakata kwenye malipo.

#62 MzeeWaDisketi
😂😂😂 Programu inafanya kazi!

#63 KodiMwitu
Stoo umeangalia SP1?

#64 KijanaWaVingunguti
Nilikuwa naangalia, umeme ukakatika. Kesho.